Jinsi ya kusoma mistari ya mchoro kabla hujakata chuma wala kuchimba msingi

Mtu akikabidhiwa mchoro, jicho lake hukimbilia namba. Mkerezaji wa chuma pale Gerezani, Dar es Salaam, atatafuta kipenyo, na mwenye kiwanja Goba atatafuta ukubwa wa chumba cha kulala. Namba zina kazi yake, lakini namba hupima kitu, na kitu chenyewe kimeelezwa na mstari. Ukiusoma mstari vibaya utapima sawasawa kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana nawaomba vijana wanaosoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na mafundi wazoefu waliojifunzia kazini, wazoee kusoma mistari kwanza na namba baadaye.

Tafuta nakala ya mchoro ambayo huoni taabu kuichafua, penseli tatu za rangi (nyekundu, bluu na kijani) na rula. Mchoro wa kipuri chochote unafaa. Ramani ya nyumba nayo inafaa, ila ina mambo yake ambayo nitayafikia baadaye.

Hatua ya kwanza: kagua karatasi yenyewe

Kona ya chini kulia kuna kisanduku cha maelezo: jina la mchoro, skeli (uwiano wa mchoro na kitu halisi), tarehe, na mara nyingi saizi ya karatasi. Linganisha saizi iliyoandikwa na karatasi uliyoshika. Steshenari nyingi za mtaani zina printa ya A4, au A3 zikijitahidi, kwa hiyo mchoro uliotengenezwa kwa A1 hupunguzwa ili utoke. Kutoka A1 kwenda A3 kila urefu unabaki nusu. Skeli iliyoandikwa 1:100 sasa ni 1:200 hata kama maandishi hayajabadilika, na mstari uliokuwa na unene wa milimita 0.25 umebaki kama 0.13. Wino ukiwa umepungua, nukta ndogo hupotea kabisa, na mstari wa kipande na nukta unatoka printa ukiwa vipande vitupu. Maana yake imebadilika na hakuna aliyekusudia.

Picha ya WhatsApp ni mbaya zaidi, kwa sababu programu hiyo huibana picha na kufuta tofauti ya unene. Mwombe mchoraji akutumie faili la PDF kama dokumenti, kisha ukaprinti kwa saizi iliyoandikwa. Gharama ya A1 moja ni ndogo sana ukiilinganisha na nondo zilizokatwa fupi.

Unene wa mistari umepangwa kwa ngazi: milimita 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, 1, 1.4 na 2. Kila ngazi ni kama mara 1.4 ya ile iliyotangulia, na uwiano huohuo ndio ulioko kati ya upana wa A4 na upana wa A3. Mstari wa 0.5 kwenye A3, ukiupunguza hadi A4, unakuwa 0.35, ambao bado ni ngazi halali. Waliopanga mfumo huu walifikiria mbali, na anayeufuata hupata michoro inayosomeka hata ikipunguzwa ngazi moja.

Hatua ya pili: tenga minene na myembamba

Kiwango cha kimataifa kinachosimamia mistari ni ISO 128. Kwenye michoro ya mashine kinataka aina mbili za unene, na mnene uwe mara mbili ya mwembamba: 0.5 kwa 0.25, au 0.7 kwa 0.35 kwenye karatasi kubwa. Michoro ya majengo huongeza unene wa tatu, mkubwa zaidi, kwa uwiano wa 4 kwa 2 kwa 1.

Unene haupimwi peke yake. Mstari ni mnene kwa sababu jirani yake ni mwembamba, kwa hiyo tazama karatasi nzima kabla hujaamua. Kisha chukua penseli nyekundu na upite juu ya kila mstari mnene usiokatika. Hiyo ndiyo mipaka inayoonekana ya kitu, kingo ambazo ungezigusa kwa kidole kama kitu kingekuwa mbele yako. Ukimaliza, umbo jekundu linapaswa kujifunga lenyewe. Mahali ambapo halijifungi, ama umeruka mstari, ama mchoraji ameukosea.

Ukiwa wewe ndiye unachora kwa mkono, tumia penseli ya HB kwa minene na 2H kwa myembamba. Kukandamiza penseli moja kwa nguvu tofauti hakutoshi. Mstari uliokandamizwa unakuwa mweusi zaidi, unene unabaki palepale, na ukipigwa kopi tofauti yote inapotea.

Hatua ya tatu: mistari myembamba isiyokatika

Hii ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu mingi si sehemu ya kitu. Mstari wa kipimo una mishale au vikwaju vidogo (/) kwenye ncha zake na namba juu yake. Mistari miwili inayotoka kwenye kitu kwenda kuupokea ule wa kipimo huacha upenyo mdogo, kama milimita 1, kabla ya kugusa ukingo, halafu huuvuka mstari wa kipimo kidogo. Tafuta huo upenyo. Ukiuona, unajua kitu kimeishia hapo na kinachoendelea ni maelezo tu.

Mistari ya mshazari iliyojaa eneo fulani, kwa kawaida kwa nyuzi 45, inasema kwamba hapo kitu kimekatwa kwa mawazo ili uone ndani. Mstari mwembamba uliochorwa kwa mkono ukiyumbayumba, au wenye zigizaga, unasema kitu kinaendelea lakini kimekatishwa ili kitoshe kwenye karatasi. Shafti (chuma kirefu cha mviringo) ya mita 3 huchorwa hivyo: ncha mbili, zigizaga katikati, na urefu wote umeandikwa. Aliyepima kwa rula hapo amejipotosha.

Hatua ya nne: mistari ya vipande

Chukua penseli ya bluu. Mstari wa vipande vifupi vyenye mapengo sawa unaonyesha ukingo uliopo lakini umefichwa na kitu kilicho mbele yake: tundu ndani ya chuma, ngazi iliyo upande wa pili, mfereji usioonekana kutoka hapo ulipo. Kwa kipimo cha ISO, kila kipande kina urefu wa mara 12 ya unene wa mstari, na pengo ni mara 3. Kwa mstari wa 0.25, kipande ni milimita 3 na pengo ni 0.75. Kwa mkono hakuna anayepima hivyo, lakini jicho lizoeshwe uwiano huo, maana mapengo yakiwa marefu kama vipande mstari unasambaratika.

Angalia jinsi mstari huu wa vipande unavyoanza. Ukitokea kwenye mstari mnene unaoonekana, kipande cha kwanza kinagusa. Lakini ukiwa mwendelezo wa mstari mnene ulionyooka, yaani ukingo uleule ulioonekana sasa umejificha, unaanza na pengo, ili msomaji ajue mnene umeishia wapi. Kwenye kona, vipande viwili vinakutana. Kona ikiwa pengo tupu, huwezi kujua kama ni kona kali au ya mviringo, na kwa mtu wa mashine ya kuchonga hiyo ni tofauti ya zana.

Hatua ya tano: kipande kirefu na nukta

Penseli ya kijani. Mstari mwembamba wa kipande kirefu, nukta, kipande kirefu ni mstari wa kati. Unapita kwenye mhimili wa kila kitu cha duara na kila kitu chenye pande mbili zinazolingana. Hauna chuma wala zege. Ni mstari wa kufikirika ambao fundi huupima. Huvuka ukingo wa kitu kidogo na kuishia hewani. Inapopishana miwili kwenye kitovu cha tundu, inapishana kwa vipande virefu, kamwe isiwe kwenye nukta au pengo, kwa sababu hapo ndipo utakapopiga senta panchi, alama ya kuanzia kutoboa.

Mstari huo ukiwa na nukta mbili badala ya moja, ni habari nyingine: kitu jirani kilichochorwa ili uelewe mazingira, au mahali ambapo sehemu inayosogea hufikia mwisho wa safari yake. Mkono wa wenzo ukichorwa kwa mistari minene na kurudiwa kwa nukta mbili upande wa pili, usitengeneze mikono miwili.

Na ukiona mstari wa kipande na nukta ambao ncha zake ni nene, una mishale na herufi A na A, hapo ndipo kitu kimekatwa. Mishale inaonyesha jicho linatazama upande gani. Sehemu iliyokatwa itachorwa mahali pengine pakiwa na jina A-A.

Mfano mmoja hadi mwisho: bushi yenye flenji

Tuseme bushi, yaani silinda fupi yenye tundu katikati, ina urefu wote wa milimita 60. Upande wa kushoto ina flenji, yaani ukingo mpana wa duara, ya kipenyo cha 80 na unene wa 10. Mwili uliobaki una kipenyo cha 50 na urefu wa 50. Tundu la kipenyo cha 30 limepita toka mwanzo hadi mwisho. Flenji ina matundu manne ya 8 yaliyopangwa kwenye duara la 64.

Chora mwonekano wa mbele. Anza na mhimili: mstari wa kati wa kulala, uanze nje kidogo ya kitu na uishie nje kidogo. Kisha pembenne mbili kwa mstari mnene: ya kushoto yenye upana wa 10 na kimo cha 80, ya kulia yenye upana wa 50 na kimo cha 50, zote zikigawanywa sawa na mhimili. Ndani yake, mistari miwili ya vipande kwa umbali wa 15 juu na 15 chini ya mhimili, kutoka ncha hadi ncha. Hilo ndilo tundu la 30, lipo lakini hulioni. Kwenye flenji pekee ongeza matundu mawili ya 8, moja juu na moja chini, kila moja kwa mistari miwili ya vipande na mstari wa kati wake ulio umbali wa 32 kutoka mhimili.

Sasa simama upande wa flenji uitazame uso kwa uso. Duara la 80 ni nene, kwa kuwa ndilo ukingo wa nje. La 30 ni nene, kwa kuwa unaliona tundu. Yale manne ya 8 ni manene. Duara la 64 ni jembamba la kipande na nukta: ni njia ya kupangia matundu tu. Nimeona watu wazima na akili zao wakitaka kulichonga kama mfereji. Na duara la 50? Mwili uko nyuma ya flenji, hauonekani, kwa hiyo ni la vipande.

Hebu kaa na duara hilo la 50 kwa muda. Ungesimama upande wa pili, upande wa mwili, lingekuwa mstari mnene usiokatika, maana hakuna kinachoufunika. Duara moja, kipenyo kimoja, mistari miwili tofauti, kutegemea umesimama wapi. Hivyo mstari unakwambia jicho liko upande gani hata kama hakuna maneno. Mwonekano huu wa duara ukiwa umechorwa kulia kwa bushi na duara la 50 ni la vipande, mchoraji ametazama kutoka kushoto na kuweka alichoona kulia. Huo ni mfumo wa pembe ya kwanza, unaotumika Ulaya na China. La 50 likiwa mstari mzima, ametazama kutoka kulia na kuweka kulia: pembe ya tatu, ya Marekani na Japani. Dar es Salaam tunapokea mashine kutoka pande zote hizo, na vitabu vyake vya michoro huja navyo. Ukichanganya mifumo, tundu la kushoto utalitoboa kulia.

Kisha ikate bushi hiyo kwa mawazo kupitia mhimili wake, wima, na uondoe nusu ya mbele. Mistari ya vipande ya tundu la 30 inageuka minene, kwa sababu sasa unaiona. Matundu mawili ya flenji vilevile. Chuma kilichokatwa kinajazwa mistari ya mshazari, juu ya mhimili na chini yake, kwa mwelekeo mmoja na nafasi sawa, kwa kuwa flenji na mwili ni chuma kimoja. Kama ndani ya bushi kungekuwa na shafti, shafti isingejazwa mshazari ingawa kisu kimepita katikati yake. Shafti, bolti, nati na pini haziwekwi mshazari zikikatwa kwa urefu, ni makubaliano. Vitu viwili tofauti vilivyogusana vinapewa mshazari wa kuelekeana kinyume, au nafasi tofauti. Mshazari ukibadili mwelekeo, jua umevuka kutoka chuma hiki kwenda kingine.

Nyuzi za bolti

Hakuna anayechora nyuzi moja moja. Kwenye bolti, kipenyo cha nje huchorwa kwa mstari mnene na cha ndani, yaani mzizi wa nyuzi, kwa mstari mwembamba usiokatika. Ukiitazama kwa ncha, mzizi ni duara jembamba lililochorwa robo tatu tu, robo moja imeachwa wazi. Kwenye tundu la nyuzi mambo yanageuka: cha ndani ndicho kinene, cha nje ni chembamba chenye robo tatu. Ukikuta hilo duara lisilofungwa, usilirekebishe. Tafuta maandishi kama M10 (nyuzi za kipenyo cha milimita 10) karibu yake.

Mistari ikigongana

Mara nyingi mistari miwili huangukia mahali pamoja, na mmoja lazima uachwe. Ukingo unaoonekana hushinda yote. Unafuata uliofichika, kisha mstari wa mkato, kisha wa kati, na mistari ya vipimo inakuwa ya mwisho. Kwa msomaji hii ina maana kwamba mstari usiouona huenda upo, umelaliwa. Ukikosa ukingo uliofichika uliokuwa ukiutarajia, angalia kama haujafunikwa na mstari mnene kabla hujamlaumu mchoraji.

Ramani ya nyumba

Hapa sheria ya vipande inabadilika kidogo, na ndipo hasara kubwa zinapozaliwa. Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa mlalo, kama mita moja na kidogo juu ya sakafu, kisha unatazama chini. Kuta zilizokatwa zina mstari mnene kuliko yote. Kizingiti cha dirisha, sinki, ngazi na vigae huchorwa kwa myembamba kwa sababu viko chini ya mkato. Vilivyo juu ya mkato, ambavyo vimeshaondolewa, na vilivyo chini ya ardhi, huchorwa kwa vipande.

Kwa hiyo mstari wa vipande unaoizunguka nyumba yote nje ya kuta, ukiwa na umbali sawa kila upande, ni ukingo wa paa. Usiufanye msingi. Vipande viwili sambamba vinavyokatisha sebule ni boriti ya zege juu ya kichwa chako. Vipande kwenye uwanja vinavyotoka chooni kwenda kwenye chemba ni bomba lililozikwa, na pembenne ya vipande baada yake ni shimo la maji taka. Mpaka wa kiwanja huwa wa kipande na nukta, mara nyingi mnene.

Unene wa ukuta nao usomwe. Tofali la inchi 6 likisimamishwa linatoa ukuta wa milimita 150, na likilazwa ukuta unafika 230. Kwenye skeli ya 1:100 hizo ni milimita 1.5 na 2.3 za karatasi. Tofauti ni ndogo lakini jicho linaiona kama printi ni nzuri. Kwa skeli ya 1:200 ya A3 iliyobanwa, hulioni tena hilo, na wenye nyumba wameshanunua matofali kwa makisio ya ukuta usio wao.

Ukichora kwa kompyuta

Weka kila aina ya mstari kwenye leya (tabaka) yake na uipe leya unene. Rangi ya skrini si unene. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, aina utakazohitaji zaidi ni CONTINUOUS (usiokatika), HIDDEN (uliofichika), CENTER (wa kati) na PHANTOM (badala ya ule wa nukta mbili). Ukichora kwa milimita kitu cha mita 12 na mstari wa vipande ukaonekana mzima, vipande vipo ila ni vidogo mno kwa ukubwa huo: rekebisha LTSCALE, amri inayobadili ukubwa wa vipande. Skrini si ushahidi. Printi, shika karatasi kwa urefu wa mkono, na uone kama bado unatofautisha mnene, mwembamba, vipande na nukta. Acha angalau milimita 0.7 kati ya mistari miwili sambamba, la sivyo wino utaiunganisha.

Na ukiwa upande wa pili, mwenye kukabidhiwa, ukakutana na mstari ambao rangi zako tatu zimeshindwa kuuweka mahali pake, usiupime kwa rula na kukisia. Uzungushie duara, andika swali pembeni, piga picha sehemu hiyo kwa karibu na umtumie mchoraji. Jibu lake liandike kwenye nakala hiyohiyo pamoja na tarehe, na nakala hiyo ndiyo ikae saiti au juu ya mashine hadi kazi iishe.